HLA: jeni za kinga zinazotajwa kwenye ugonjwa wa MS

Shangazi yangu wa Chumbageni, Tanga, aliniita jioni moja. Bintiye anayeishi Uswidi amegundulika ana MS (multiple sclerosis), ugonjwa ambao kinga ya mwili huzigeukia neva za ubongo na uti wa mgongo na kuzichuna ganda lake la mafuta, mayelini, mpaka jicho linafifia na miguu inakufa ganzi. Madaktari kule wametaja "jeni za HLA". Swali la shangazi lilikuwa moja: "Baba, kwa hiyo ni mimi niliyempa?"

Nikamwambia afikirie mnada wa samaki pale Deep Sea. Dalali huokota samaki, akamwinua juu, wanunuzi wakatazama. Hakuna anayeingia ndani ya ngalawa kuchungulia. Kila mtu anaamua kwa kile kilichoinuliwa. Ndani ya mwili, HLA ndiye dalali. Ni protini zinazokaa juu ya seli zikiwa zimeshika vipande vidogo vya protini nyingine, vya virusi, vya bakteria, hata vya mwili wenyewe, na kuvionyesha kwa wanunuzi, yaani chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T. Seli T ikitambua kigeni, vita inaanza. Jeni za kuwatengeneza madalali hawa ziko kwenye kromosomu ya 6, seti moja ya baba na moja ya mama. Ndizo zinazolinganishwa mtu akitaka kumpa nduguye figo.

Sasa, madalali hawana mikono sawa. Huyu humshika changu vizuri lakini pweza humponyoka. Aina za HLA ni maelfu, na moja, HLA-DRB1*15:01, ina mkono unaoshika vizuri baadhi ya vipande vya mayelini. Mwenye nayo, hatari yake ya MS ni kama mara 3 ya asiye nayo. Uhusiano wa HLA na MS umejulikana tangu 1972, na hadi leo haijapatikana jeni yenye uzito kuipita hiyo. Nyingine, HLA-A*02, hupunguza hatari. Utafiti wa 2019 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 47,000 ulihesabu sehemu 233 za jeni zinazohusika, nyingi zikisukuma kidogo kidogo tu, na nyingi zinafanya kazi kwenye chembe za kinga. Ugonjwa wa neva, lakini chanzo unakisaka kwa walinzi! Mimi hilo bado linanishangaza.

Lakini mara 3 ya nini? Hata Uswidi, ambako MS ni nyingi, wagonjwa ni takriban mtu 1 kati ya 500. Na chukua mapacha wa kufanana, jeni zilezile: mmoja akiugua, mwenzake huugua takriban mara 1 kati ya 4. Kilichobaki kinatoka nje. Mwaka 2022, uchunguzi wa wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 ulionyesha hatari ikipanda mara 32 baada ya kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr, ambacho karibu sisi sote tunacho. Baadhi ya vipande vyake vinafanana na vya neva, hivyo huenda mnunuzi humwona samaki wa nyumbani akadhani ni mgeni. Ongeza sigara, na upungufu wa vitamini D kwenye nchi zisizo na jua.

Kwa nini jeni yenye madhara ikabaki? Mwaka 2024 watafiti wa mifupa ya kale walionyesha kwamba aina hiyo iliingia kaskazini mwa Ulaya na wafugaji wa nyika za mashariki, miaka kama 5,000 iliyopita, na huenda iliwakinga na maradhi ya mifugo. Kwetu si jambo geni. Jeni ya seli mundu ukiirithi kwa mzazi mmoja hukukinga na malaria kali. Ukiirithi kwa wote wawili, unaugua.

"Basi wajukuu wapimwe?" Hapana. Mtoto asiye mgonjwa hapimwi jeni hiyo kwa ajili ya MS, kwa sababu wengi walio nayo huzeeka bila kuugua, na wako wagonjwa wasio nayo kabisa.

Akanyamaza, akanipa simu. "Mpigie wewe, umweleze hilo la mapacha. Mimi akinisikia nitalia tu."