Kabla ya kununua programu, pima mashudu

Wenye viwanda vidogo vya kukamua alizeti wa Singida na Dodoma huniuliza wanunue programu gani ya kufuatilia uzalishaji. Huwa nawauliza kwanza: jana mliingiza kilo ngapi kwenye mashine, na zilitoka kilo ngapi? Wengi wanajua madumu waliyouza tu.

Alizeti inayoingia hutoka ikiwa mafuta, mashudu (makapi yanayobaki baada ya kukamua), tope la kwenye chujio na unyevu kidogo unaopotea kwa joto. Kwa hiyo jedwali la Google lenye safu chache linatosha kuanzia: namba ya bechi (mzigo mmoja wa mbegu unaokamuliwa kwa mkupuo mmoja), mwenye mali, kilo zilizoingia, kilo za mafuta, za mashudu na za tope, saa ya kuanza na kumaliza, jina la mwendesha mashine. Lijazwe kwa simu palepale mashineni, bechi inapokwisha. Likisubiri jioni, watu wataandika wanachokumbuka. Safu ya mwenye mali ni muhimu sana wakati wa mavuno, maana siku hiyohiyo unakamua alizeti yako na ya wakulima wanaolipia ukamuaji.

Andikeni kilo. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa takribani kilo 0.92, hivyo dumu la lita 20 ni kama kilo 18.4. Anayehesabu madumu 15 kuwa kilo 300 amejiongezea kilo 24 za mafuta ambayo hayapo.

Tuseme kilo 1,000 zimetoa mafuta kilo 280, mashudu 660 na tope 25. Pengo kati ya kilo zilizoingia na zilizotoka ni 35, na jedwali lilikokotoe lenyewe. Bechi inayofuata pengo likiruka hadi 90, kagua mizani, unyevu wa mbegu na ulinzi wa stoo.

Kuna hali nyingine ambayo daftari la mauzo haliionyeshi kabisa. Pengo linabaki lilelile, lakini mafuta yanashuka bechi hadi bechi, 280, 268, 255, huku mashudu yakiongezeka kwa kiasi kilekile. Mafuta hayo hayajaibwa. Yamebaki ndani ya mashudu. Shika kipande ukibonyeze: kikiacha vidole vinang'aa, mfungulie fundi mashine aangalie kama skrubu inayobana mbegu imelika, au kama mnaanza kukamua kabla haijapata moto. Linganisha pia mbegu za chanzo kimoja, kwa kuwa aina za alizeti hazilingani kwa mafuta. Nimeona vijana wakifukuzwa kazi kwa wizi wakati tatizo lilikuwa skrubu iliyochoka, na inaniuma kwa sababu safu mbili za namba zingewatetea.

Namba hiyohiyo ya bechi iende hadi kwenye lebo. Kanuni za lebo za chakula za Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, zinataka kila chombo kiwe na alama ya kutambulisha bechi. Mteja akilalamika mafuta yamechacha, utajua yalikamuliwa lini, kwa mbegu za nani, na madumu mengine ya bechi hiyo yako wapi, bila kurudisha mzigo wote.

Programu ya kulipia itafaa mkishakuwa na mashine kadhaa na zaidi ya stoo moja. Siku hiyo muulize muuzaji mambo mawili: je, inapokea taarifa mtandao ukikatika, na je, mkiacha kulipa mtaweza kuchukua rekodi zenu zote kwa mfumo wa Excel?