Kwa Nini Filamu Zetu Humcheka Mtu wa Kijijini?

Je, umewahi kujiuliza kwa nini katika filamu nyingi za Bongo mgeni kutoka kijijini hufika mjini amebeba kuku, akababaishwa na kengele ya getini, na watazamaji wakaangua kicheko kabla hajafungua kinywa? Anayetaka kujua watu wanavyojiona na atazame kile wanachokicheka bila kuelezwa.

Mhusika huyo ametoka mbali. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Waingereza uliokuwa na makao Vugiri, karibu na Korogwe, ulitengeneza filamu takriban 35, zikazungushwa kwa lori ili kuwafundisha wananchi kuhusu safura, kuweka akiba posta na mengineyo. Humo mwanakijiji alikuwa mwanafunzi, na mwenye kamera ndiye mwalimu, hivyo tunachokiona zaidi ni fikra za mtawala. Baada ya uhuru, Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na siasa ya ujamaa ikampandisha mtu yuleyule cheo: mkulima akawa nguzo ya taifa, mjini pakawa mahali pa kupotelea. Picha hiyo nayo ilishuka kutoka juu, na hapa Dodoma, ambako Operesheni ya mwaka 1971 iliwahamishia Wagogo wengi katika vijiji vya ujamaa, wapo wazee wanaokumbuka kwamba nguzo yenyewe haikuulizwa sana isimamishwe wapi.

Filamu za Bongo, zilizoshamiri kuanzia miaka ya 2000, hutegemea mfuko wa mtazamaji, asipoguswa, hanunui. Ndiyo maana naziona kuwa shahidi mkweli zaidi, ingawa picha zake mara nyingi hutetemeka na sauti hukwaruza. Jumba, sofa na gari ni matamanio yetu. Kijiji kimeachiwa bibi, mganga na laana.

Hata hivyo, kicheko hakimalizi habari. Katika kibanda umiza kimoja, yaani ukumbi mdogo wa kuonyeshea filamu, cha Majengo hapa Dodoma, mabenchi ya mbao yakiwa yamejaa na kanga ikiwa imezuia mwanga mlangoni, nilikaa karibu na kijana muuza zabibu ambaye kila mwezi humtumia mama yake fedha Mpwapwa. Alicheka mpaka machozi kwa lafudhi ya yule mama mwenye kuku, lafudhi isiyo mbali na yake. Lakini mkamwana alipomfungia mama huyo geti, kibanda kizima kilinyamaza, kisha sauti ikatoka nyuma: “Mama hafukuzwi!” Wengine wakaguna kukubali.

Kumbe mshamba huchekwa kwa sababu ni wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hadhalilishwi. Watunzi wanalijua hilo vizuri, kwa hiyo mkamwana wa namna hiyo hupiga magoti kabla filamu haijaisha. Huyu naye alipiga, ila hukumu ya Majengo ilikuwa imeshatoka nusu saa mapema.