Kunyonyesha ukiwa mjamzito hakumbemendi mtoto

Hapa Moshi, mama akishika mimba huku bado ananyonyesha, ushauri wa kwanza anaopewa ni huu: mwachishe leo hii, maziwa yameshaharibika, utambemenda mtoto, yaani utamdhoofisha kwa mimba hiyo. Si kweli. Maziwa hutengenezwa kwenye titi kila siku, na mimba iliyo kwenye mfuko wa uzazi haiyatii sumu.

Kinachobadilika ni kiasi na ladha. Homoni za ujauzito hupunguza maziwa, mara nyingi kufikia mwezi wa nne au wa tano, na baadaye huwa dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, ya kumsubiri mdogo wake. Wapo watoto wanaoacha wenyewe. Wengine, hasa wabishi, hawajali.

Mbona basi mtoto hudhoofu kweli? Tazama anachokula. Ameachishwa ghafla, mama ana kichefuchefu, na kwenye bakuli kuna uji mwepesi wa mahindi asubuhi na jioni. Hapo ndipo utapiamlo huanzia, kisha mimba ndiyo inayobebeshwa lawama. Mtori wenye nyama, maharage, dagaa, yai, parachichi: sokoni Mbuyuni vyote vipo. Aliye chini ya mwaka mmoja aangaliwe zaidi na apimwe uzito kliniki, maana bado anategemea sana maziwa.

Kunyonya huleta mikazo midogo ya mfuko wa uzazi, ambayo mimba yenye afya huistahimili. Aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, anayetokwa damu au mwenye mimba ya mapacha amuulize mkunga kwanza.