Ajira kwa ujuzi haina maana kwamba vyeti vimekufa

Tangazo la kazi likitoka limeandikwa "shahada si lazima", hukosi mtu wa kushangilia kwamba sasa ni zama za ajira kwa ujuzi, digrii zimekwisha, na waliosoma wamepoteza ada za wazazi wao. Mtu wa mtaani akisema hivyo namwelewa. Ila siku hizi nawasikia hata maofisa rasilimali watu, ambao kuijua tofauti ndiyo kazi inayowalipa mshahara.

Ajira kwa ujuzi ni kumchagua mtu baada ya kuthibitisha kwamba kazi yenyewe anaiweza, popote alipojifunzia: chuoni, gereji, jeshini, jikoni kwa mama ntilie au kwenye simu yake usiku. Basi, hakuna zaidi. Kinachorukwa kila mara ni hilo la kuthibitisha.

Kuondoa sharti la shahada ni hatua moja, kupima ujuzi ni hatua nyingine, na mwajiri anaweza kabisa kuchukua ya kwanza akaiacha ya pili. Akifanya hivyo ofisi inabaki na barua 900 za maombi na haina namna ya kuzichuja. Hapo mpwa wa meneja anapita kirahisi kuliko alivyopita wakati wa vyeti. Tumeondoka kwenye shahada, tumetua kwenye kujuana.

Wanaodhani hoja hii ililetwa na kampuni za kompyuta waitazame kesi ya Griggs dhidi ya kampuni ya umeme ya Duke Power, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1971. Kwenye kituo cha kampuni hiyo cha Dan River, North Carolina, palikuwa na wafanyakazi 95, weusi 14, na weusi wote walikuwa wamewekwa idara ya vibarua, ambako kazi yenye malipo makubwa kuliko zote ililipa pungufu ya kazi ya chini kabisa ya idara nyingine. Ubaguzi wa waziwazi ulipopigwa marufuku na sheria, cheti cha sekondari kikawa ndiyo njia ya kutoka idara hiyo. Kisha Julai 1965, siku ileile sheria ilipoanza kufanya kazi, kampuni ikaongeza mitihani miwili kwa waajiriwa wapya, mmoja wa akili kwa jumla na mwingine wa kuelewa mambo ya mitambo. Miezi michache baadaye ikasema asiye na cheti anaweza kuhama idara akiifaulu mitihani hiyo.

Wafanyakazi 13 kati ya wale 14 walishtaki. Ushahidi ulionyesha kwamba watu walioingia idara nzuri kabla ya masharti hayo, bila cheti wala mtihani, walikuwa wakifanya kazi vizuri tu na kupanda vyeo. Majaji kwa kauli moja wakalikataa sharti la cheti. Wakaikataa na mitihani. Hapa ndipo wale wa "digrii zimekufa" wananipoteza, maana mahakama haikusema cheti ni kibaya na mtihani ni mzuri. Ilisema kigezo kinachowafungia nje watu weusi lazima kihusiane na kazi inayofanywa, na pale vyote viwili vilikuwa havihusiani. Kwa hiyo mwajiri anayefuta shahada halafu akampa mhasibu fumbo la njiti za kiberiti kwenye usaili, hajafika popote.

Huko huko Marekani, Maryland ilianza kuondoa sharti la shahada kwenye maelfu ya nafasi za serikali ya jimbo mwaka 2022, na Pennsylvania ikafuata Januari 2023. Kampuni kubwa nazo zilitangaza hivyo kwa shangwe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard na wa Burning Glass, taasisi inayochunguza soko la ajira, walipozifuatilia wakakuta kwamba mwaka 2023 walionufaika kweli na mabadiliko hayo hawakufika hata mtu 1 katika kila 700 walioajiriwa. Matangazo yalibadilika, wanaochagua watu waliendelea na mazoea yao.

Kwetu Tanzania kitu kilicho karibu zaidi na maana halisi ya ajira kwa ujuzi hakina mbwembwe zozote: urasimishaji wa ujuzi unaofanywa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa mafundi waliojifunzia kazini. Fundi anahojiwa, anaonyesha kazi alizofanya, anafanya kazi kwa vitendo mbele ya mpimaji. Akionekana ana pengo, anafundishwa kile anachopungukiwa tu. Akifaulu anapewa nini? Cheti. Na anakitaka sana, kwa sababu bila hicho mwashi mwenye uzoefu wa miaka 20 hawezi kumthibitishia mkandarasi asiyemfahamu kwamba kazi anaiweza. (Wengine hudhani ni kozi fupi, au kwamba cheti kinatolewa kwa kumhurumia fundi. Vyote sivyo.)

Wahandisi na madaktari siwagusi. Wao wana bodi na mabaraza ya usajili, na sidhani kuna anayetaka daktari apimwe ujuzi kwa mara ya kwanza juu ya tumbo lake.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa rasilimali watu, tangazo lisilodai shahada liiteni hivyo tu: tangazo lisilodai shahada. Likieleza pia mwombaji atapimwaje, na kipimo chenyewe kikafanana na kazi atakayokwenda kuifanya, hapo liiteni ajira kwa ujuzi.