Mbio za magari ya kale: nenda siku ya mazoezi

Wenye magari ya spoti ya zamani wengi hununua tiketi ya siku ya mwisho, hukaa jukwaani, kisha hurudi na picha mia mbili za bonneti zinazong'aa. Ni burudani, sina ugomvi nayo. Lakini kama nyumbani una MG, Triumph, Alfa Romeo au Porsche 356 unayoihangaikia mwenyewe, siku yako ni ile ya mazoezi, ambayo kwa kawaida huwa Ijumaa. Watu ni wachache, mafundi wana nafasi ya kujibu swali, na magari yanaharibika. Hilo la tatu ndilo la maana zaidi. Gari lililofunguliwa bonneti, fundi kainama na tochi mdomoni, linakufundisha kuliko lile linalokupita kwa kilomita 200 kwa saa.

Mashindano haya hayafanani. Goodwood, kusini mwa Uingereza, ni njia ya kilomita 3.8 iliyozunguka kiwanja cha ndege cha vita. Ilifunguliwa 1948 na mbio zake zikasimama 1966, hivyo Goodwood Revival, iliyoanza 1998 na hufanyika Septemba, huchukua hasa magari ya kipindi hicho, na watazamaji nao huvaa mavazi ya enzi hizo. Le Mans Classic ilianza 2002 na hutumia njia nzima ya kilomita 13.6. Magari hugawanywa kwa umri, na kila kundi huingia zaidi ya mara moja, usiku ukiwemo. Monaco, mbio za kale zilianza 1997, na hapo utaona magari ya Grand Prix yakipita katikati ya kuta za mji. Laguna Seca huko Marekani ina kona iitwayo Corkscrew, ambapo njia huporomoka mita 18 hivi ndani ya umbali mfupi sana. Mwenye gari la spoti la barabarani nampeleka Goodwood kwanza, kwa kuwa magari mengi ya pale ni ndugu wa karibu wa yale tunayoyaendesha.

Ukishapata programu, anza na orodha ya magari kabla ya ratiba. Gari linaloshindana chini ya kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, huwa na pasipoti yake ya kiufundi, na humo limepangwa katika kipindi chenye herufi. E ni 1947 hadi 1961, F ni 1962 hadi 1965, G inaendelea hadi 1971. Herufi hiyo inaamua aina ya tairi, breki na kabureta zinazoruhusiwa. Tafuta gari lenye injini kama yako, andika namba yake mkononi ikibidi, na ulifuate siku nzima: likiwashwa, likitoka, likirudi, likifunguliwa. Ukilifuata moja hivyo utajua zaidi ya aliyekodolea macho magari arobaini.

Fika uwanja wa mafundi, padoki, saa moja kabla ya zamu ya kwanza. Injini ya mbio haiwashwi na kuachwa ingurume taratibu. Fundi huishika kwenye mizunguko 1,800 hadi 2,000 kwa dakika, kwa sababu ikizunguka polepole mno kemshafti, shafti inayofungua valvu, haipati oili ya kutosha, na kwenye injini ya zamani hapo ndipo nundu zake zinapolika. Hapigi resi mpaka oili ifike digrii 60 hivi. Maji hupata moto mapema zaidi kuliko oili, kwa hiyo mshale wa maji usikudanganye ukiwa nyumbani. Baadhi ya injini huwashwa kwa plagi laini, zinazohifadhi joto ili zisilowe, kisha hubadilishiwa plagi ngumu za mbio. Simama karibu wakati zinatolewa. Ncha ya kahawia hafifu ni mchanganyiko mzuri. Masizi meusi makavu maana yake petroli imezidi, weupe kama chokaa maana yake petroli ni kidogo au taimingi imetangulia mno, na weusi wenye unyevu wa mafuta ni oili inayopita kwenye ringi au kwenye mirija inayoongoza valvu (valve guides). Usomaji huo una maana pale tu injini ilipozimwa ikiwa kwenye mzigo. Ukiliendesha gari taratibu hadi nyumbani ndipo utoe plagi, unachokisoma ni mwendo wa taratibu, hakuna kingine.

Harufu tamu nzito utakayoikuta hapo ni mafuta ya nyonyo yanayotumika kama oili ya injini. Yanastahimili joto na mzigo vizuri, ndiyo maana yalipendwa, lakini hayachanganyiki vema na oili ya madini na huacha utando wa gundi. Usiyatie kwenye gari lako kwa sababu ya harufu tu. Na ukiona gari linalotumia methanoli, kaa mbali linapojazwa: moto wake hauonekani mchana.

Kuna mambo madogo ambayo ningependa kila mwenye gari ayaibe padoki. Mstari wa rangi unaopita juu ya nati na kipande kinachokazwa: nati ikilegea, mstari unakatika, na unaona kwa jicho bila spana. Springi mbili za kurudisha mkono wa mafuta kwenye kila kabureta, ili moja ikikatika injini isiendelee kupiga resi yenyewe. Swichi ya kukata umeme wa betri mahali mkono unapofika. Chupa ya kudaka oili inayotoka kwenye bomba la kupumulia. Joto la tairi hupimwa sehemu tatu mara gari linaporudi, ndani, katikati na nje. Katikati pakiwa na moto kuliko pembeni, upepo umezidi. Pembeni pakizidi, upepo haujatosha. Kipima joto cha mkononi kinafanya kazi hiyohiyo kwenye gari la barabarani.

Utagundua pia kwamba dereva akirudi havuti breki ya mkono. Dramu yenye moto ikibanwa mahali pamoja inaweza kupinda, na pedi za diski zinaweza kunata. Wanaweka kabari chini ya tairi, basi.

Adabu ya padoki ni fupi: usiegemee. Mabati mengi ya magari haya ni alumini ya milimita 1.2 au 1.6, na zipu ya begi la mgongoni inachora rangi kabla hujageuka. Uliza swali gari linaporudi na limeshasimama, kamwe si dakika kumi kabla halijatoka. Na swali zuri ni la kitu mahususi. "Jeti kuu, kile kitundu cha petroli cha kabureta, ni namba ngapi?" hupata jibu. "Gari hili lina thamani gani?" hupata mgongo.

Baada ya hapo nenda kwenye kona. Watu hukimbilia sehemu iliyonyooka, ambako gari ni mlio unaopita. Mimi nashauri mahali ambapo kasi inakatwa kabla ya kona ya polepole, pembeni kidogo, uone gari likija, likikunja na likiondoka. Hapo sikio linafanya kazi kuliko jicho. Dereva akishusha gia utasikia mlio mfupi wa resi katikati: kisigino kinagusa mafuta huku kidole kikikanyaga breki, ili gia na injini zilingane mwendo. Kwenye giaboksi zisizo na sinkroni, kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia, klachi hukanyagwa mara mbili. Dereva akikosea, utasikia meno yakilia na magurudumu ya nyuma yakijifunga kwa nukta moja.

Moshi nao usome. Wa bluu ukitoka dereva anapoachia mafuta, halafu puu moja kubwa anapokanyaga tena, ni mirija ya valvu. Wa bluu unaoendelea muda wote wa kukanyaga ni ringi. Mweusi ni petroli iliyozidi. Mweupe usiokoma injini ikiwa moto, hasa wenye harufu tamu, ni maji yanayoingia ndani, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi. Injini ikikohoa katikati ya kona tu na kupona kwenye mstari, petroli imesukumwa upande mmoja wa bakuli la kabureta, boya likashindwa kuifuata. Ikikohoa juu kabisa ya mizunguko, shuku pampu ya petroli, springi za valvu au koili.

Kisha tazama magurudumu. Mini huinua gurudumu la nyuma la ndani ya kona. Lotus Cortina huinua la mbele. Porsche 356, kwa ekseli zake za nyuma zinazobembea, ikiachiwa mafuta ghafla katikati ya kona hupanda juu ya tairi la nje na mkia unaweza kutoroka. Ukiona hivyo kwa macho utaelewa kwa nini mwenye gari kama hilo huambiwa asikate mafuta ndani ya kona. Tairi za mbio za kipindi hiki zina nyuzi zilizosukwa kwa mshazari. Zinateleza mapema na taratibu, na dereva huongoza gari kwa mguu wa mafuta karibu sawa na kwa usukani. Haziachii ghafla kama tairi za kisasa za radial. Bendera ya njano yenye mistari myekundu ikitolewa, njia ina utelezi, na kwa magari haya mara nyingi ni oili ya mtu. Angalia nani anahama mstari wake na nani hajali.

Picha nitazigusia tu. Kasi ya 1/1000 hugandisha spoki na gari huonekana limeegeshwa. Shuka hadi 1/125 au 1/60, fuata gari kwa mwili mzima, ukubali kutupa picha tisa kati ya kumi. Na vaa vizibo vya masikio, hasa kwa watoto. Mlio wa BRM, gari la Grand Prix la silinda 16, ni raha kwa dakika moja na madhara kwa siku nzima.

Sasa, kwenda huko na gari lako mwenyewe. Safari si tatizo. Kinachoangusha magari haya ni kilomita mbili za foleni kabla ya geti, jua likiwaka na hewa haipiti kwenye radieta. Injini iliyotulia kilomita mia moja inachemsha ndani ya dakika kumi. Wiki moja kabla, angalia mfuniko wa radieta: kila psi moja (kipimo cha shinikizo) inayoshikiliwa hupandisha kiwango cha kuchemka kwa digrii 1.7 hivi, hivyo mfuniko wa psi 7 wenye mpira uliochoka unakunyang'anya digrii 10 na zaidi. Kwenye foleni fungua hita yote, hata kama utatoka jasho, maana ni radieta ndogo ya pili. Zima injini foleni isiposogea. Usiguse mfuniko mpaka mpira wa juu wa radieta ushikike kwa mkono.

Tatizo la pili linafanana na hilo lakini si hilo. Gari limesimama, maji yako sawa, na injini haiwaki. Petroli imechemka ndani ya kabureta. Fungua bonneti, subiri dakika 10 hadi 15, kisha kanyaga mafuta hadi chini, ushikilie hapo bila kupampu, na upige stata. Ukipampu unazidi kuilowesha. Petroli yenye ethanoli huongeza shida hii, na pia hula mipira ya zamani. Badilisha mabomba uweke yenye alama ya SAE J30 R9.

Dinamo nayo haichaji injini ikizunguka taratibu, kwa hiyo taa nyekundu kuwaka kwenye foleni si ugonjwa. Punguza taa na feni ya umeme usizozihitaji.

Ndani ya buti napenda kuona mkanda wa feni, pointi na kondensa, rota, kifuniko cha distributa, plagi mbili, waya wa mafuta, klipu za mipira, fyuzi, oili lita moja, maji lita tano na kizima moto. Rota ya ribiti ya bei rahisi huvujisha umeme kupitia ribiti hadi kwenye shafti, na gari huzimika kama limekatwa swichi. Chukua isiyo na ribiti. Pampu ya petroli ya umeme ya kampuni ya SU ikinyamaza, igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Pointi zake zimenata, na mara nyingi itakufikisha. Beba pia ubao wa sentimita 30 kwa 30, kwa sababu maegesho ni majani na jeki huzama.

Daftari usisahau. Mali bila daftari huisha bila habari, na namba za jeti hazikai kichwani hadi Jumatatu.

Kabla ya kuondoka jioni, gari likiwa limepoa, pima oili na maji, kisha zunguka magurudumu. Kwa magurudumu ya spoki yenye nati moja ya katikati, kwenye magari mengi ya Uingereza sehemu ya juu ya nati hugongwa kuelekea nyuma ya gari ili kukaza, pande zote mbili, kwa nyundo ya shaba. Hakikisha kwa kusoma maandishi yaliyo juu ya nati yenyewe. Kama ulifungua gurudumu siku hiyo, simama baada ya kilomita 50 ugonge tena.