Meno Si Kipimo cha Unyevu

Wiki iliyopita mzee mmoja alichota punje ya mahindi kwenye gunia lake, akaibana katikati ya magego, akaivunja, na mlio ulipotoka akanitazama kama mtu aliyekwisha kushinda kesi. “Umesikia mwenyewe, bwana shamba. Haya yamekauka.” Kipima unyevu kilisoma asilimia 17. Nikamwambia, “Mzee wangu, meno yako ni mazima, lakini mahindi bado mabichi.” Hakufurahi.

Meno hupima ugumu wa ganda na kiasi kidogo cha kilicho chini yake. Mahindi yaliyoanikwa juani hutangulia kukauka nje, huku maji ya ndani ya punje yakichelewa kutoka. Jioni punje hulia vizuri kabisa. Yakifungwa usiku huohuo, maji ya ndani husambaa polepole hadi nje, na asubuhi punje ileile hutafunika bila kelele. Aliyeyafunga huja kulalamika kwamba ghala lake lina unyevu, ilhali unyevu aliuingiza mwenyewe kwa mikono yake. Mahindi ya kuhifadhiwa miezi kadhaa yanatakiwa kuwa na asilimia 13 au pungufu kidogo, na kati ya 13 na 15 sijaona meno yanayoweza kutofautisha.

Kwa haki, hata kipimo changu hudanganywa na punje hiyohiyo. Nafaka iliyotoka juani ikiwa bado moto na kavu kwa nje yaweza kusomeka kana kwamba imekauka zaidi ya ilivyo, ndiyo maana huwa naiacha ipoe na kutulia, kisha napima sampuli kadhaa kutoka juu, katikati na chini ya gunia. Nakiri kwamba siku zenye foleni ndefu hatua hiyo nimewahi kuifupisha. Asiye na kipimo atie chumvi kavu na punje katika chupa ya kioo iliyokauka, atikise, kisha aache zitulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, usishangilie bado, kwa kuwa jaribio hili halikuelezi kama umefika 13.

Namba hiyo ya 13 nayo isibebwe kwenda kwenye kila zao. Karanga zilizobanguliwa huhitaji kushuka hadi asilimia 7 hivi, kwa kuwa mafuta hayashiki maji, na unyevu wote hukaa katika sehemu ndogo iliyobaki. Tena, mifuko isiyopitisha hewa huua wadudu kwa kuwanyima oksijeni, haikaushi chochote: ukifungia humo nafaka mbichi, utafungua ikiwa imechacha.

Kuhusu sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, nitasema machache. Kupika hakuiondoi, kuchambua punje zilizovunjika na zenye ukungu hupunguza sana, lakini si yote, na kuvu wake huweza kuanza kazi shambani, hasa mimea inapopigwa na ukame, kabla hujagusa turubai. Kinachoninyima usingizi ni sampuli. Punje chache mno zaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, kwa hiyo nimewahi kupima gunia lilelile mara mbili nikapata majibu mawili, na yote mawili nikayatia sahihi.

Mzee yule, hata hivyo, alikuwa na hoja ambayo sikuweza kuipangua. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 17 zikikaushwa hadi 13 hubaki kilo 95 na kidogo. Mnunuzi akilipa bei ileile kwa kila kilo, aliyekausha amepoteza karibu kilo 5, siku zake za kuanika na nguvu za kugeuza, huku jirani aliyeuza maji akiondoka na fedha nyingi zaidi. Ili wawili hao walingane, kilo iliyokauka ingepaswa kulipwa karibu asilimia 5 zaidi, kabla hata ya kuhesabu jasho. Aliniuliza ni nani atakayemlipa tofauti hiyo. Nilimweleza habari za kuuza kwa pamoja na kupima unyevu mbele ya mnunuzi, naye akasikiliza kwa adabu, kisha akatandika upya turubai lake, akamwaga nusu ya magunia, na nusu nyingine akaiacha imefungwa kama ilivyokuwa.