"Wiki Mbili Tu": Tunavyodanganyana Kuhusu Kukarabati Nyumba Tunamoishi

Mwaka jana tulikarabati nyumba ya wazazi wangu iliyoko Tabata, Dar es Salaam. Tulikuwa tunaishi humohumo: mama yangu, mimi, mke wangu na watoto wawili. Ilikuwa kazi ya jiko, choo, sebule na kipande cha paa. Kila aliyepita barazani alikuwa na neno la kututia moyo, na mengi ya maneno hayo ndiyo yaliyotuchosha, kwa sababu tuliyaamini.

La kwanza: "Fundi akikazana, wiki mbili mmemaliza." Hapa ndipo msongo wote unapoanzia. Ukishajiwekea wiki mbili, kuanzia siku ya kumi na tano kila siku unaiona ni hasara na unatafuta wa kumlaumu. Ukweli ni kwamba muda mwingi wa ukarabati haumo mikononi mwa fundi. Saruji haikauki kama kanga juani. Inashikana kwa kutumia maji, ndiyo maana zege na lipu mpya humwagiliwa kwa siku kadhaa, saba kwa kawaida, na nguvu ya zege huja kupimwa siku ya 28. Kisha lipu nayo lazima itoe unyevu kabla ya kupakwa rangi. Ukipaka mapema, unyevu unatafuta pa kutokea, rangi inavimba na kubanduka, na kazi unairudia kwa pesa zako. Tena kuna zamu: fundi umeme na fundi bomba wanachimba kuta kwanza, inafuata lipu, kisha vigae, rangi mwishoni. Mmoja akikwama, wote wanakaa. Na aliyefungua paa mwezi wa pili ajue kwamba masika huanza Machi, hayamsubiri mtu.

Nilipolielewa hili nilichukua kalenda ya ukutani nikaandika kila hatua, na siku za kusubiri nikaziandikia kwa kalamu nyekundu: "ukuta unakunywa maji". Watoto wakapewa kazi ya kumwagilia, asubuhi na jioni. Vumbi lilikuwa lilelile na choo kilikuwa bado cha jirani, lakini tulijua tunasubiri nini, na kelele ndani ya nyumba zikapungua.

"Mafundi wote waongo, msimamie hatua kwa hatua." Nilijaribu. Nilishinda nimesimama nyuma ya mwashi kama askari, kazini kwangu nikawa naharibu, na ukuta haukunyooka zaidi kwa sababu ya macho yangu. Mafundi wengi wa mtaani hulipwa kwa kazi, wala hawana mshahara wa mwezi. Siku nne unazozunguka kutafuta pesa ya vigae ni siku nne ambazo watoto wake wanataka kula, kwa hiyo anakwenda kwenye saiti nyingine, na huko anabanwa na kazi. Hapo ndipo simu huanza kutopokelewa. Kilichotusaidia ni kununua vifaa vya hatua nzima kabla hatua haijaanza, kulipa kila hatua inapokamilika, na kupita saiti mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya kazi na jioni kabla mafundi hawajafunga.

Na hii ya kwamba kuandikiana ni kumtilia mtu shaka, naomba tuiache kabisa. Fundi wetu ni mtu wa mtaa, tunaitana ndugu, basi tukapatana kwa mdomo. Mimi niliamini bei ya jiko imebeba na kufunga sinki. Yeye aliamini sinki ni kazi ya fundi bomba. Hakuna aliyedanganya, na tulikaa siku mbili hatusalimiani. Ukurasa mmoja wa daftari ungetosha: kazi gani, vifaa ananunua nani, hatua ipi inalipwa kiasi gani, sahihi mbili.

Kuhusu vumbi nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu tunaambiwa "vumilieni, ni vumbi tu" na tunavumilia vitu visivyovumilika. Mashine inapokata kigae au zege inarusha chembe za silika (madini yaliyomo kwenye mchanga), ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio wanaoumia zaidi. Kwa hiyo rangi kuukuu haikwanguliwi kavu mtoto akiwa karibu, kigae hukatwa nje huku kikimwagiwa maji, na sakafu hunyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa. Mapaa ya asbesto (saruji yenye nyuzi zinazodhuru mapafu) ya nyumba za zamani usiyavunje wala kuyakata na msumeno. Tafuta mtaalamu. Mwenye pumu, mjamzito na mtoto mchanga wahamie kwa ndugu siku za kubomoa, hata kama ni siku tatu tu.

Kwa tunaobaki, chumba kimoja kisiguswe. Chetu kilikuwa cha mama. Tulitundika turubai la nailoni mlangoni, na humo hakikuingia kiatu wala ndoo ya saruji. Tulikula humo, watoto wakafanyia humo kazi za shule. Sijui tungefikaje mwisho bila kile chumba.

Watu walituambia pia kwamba "wazee hawapendi mabadiliko." Siku walipovunja meza ya saruji jikoni, mama alitoka nje akalia. Nilitaka kumweleza habari za kabati jipya. Mke wangu akanivuta shati ninyamaze. Meza ile aliijenga baba kwa mikono yake, na mama alikuwa amepika juu yake miaka yote ya ndoa yao. Alikuwa anafiwa na kitu, na sisi hatukumuuliza kabla. Jioni tukakaa naye: mama, kipi kisiguswe? Akasema sakafu nyekundu ya barazani. Ipo mpaka leo, na nyufa zake, na kila Jumamosi anaipaka nta.

Je, wanaogombana juu ya vigae ndoa yao ina kasoro? Sisi tuligombana juu ya kitasa. Kwa siku moja unaulizwa soketi ikae urefu gani, mlango ufungukie ndani au nje, vigae viwe vya sentimita 30 kwa 30 au 60 kwa 60, na kila jibu lina bei. Ikifika saa mbili usiku kichwa kimechoka kuamua, na kitasa kinabeba hasira ya siku nzima. Tuligawana: yeye jiko na rangi, mimi umeme na bomba, na mwenye sehemu yake ndiye mwenye neno la mwisho. Habari za ujenzi zikawa na saa yake baada ya chakula. Kitandani marufuku.

Hesabu ya mwanzo nayo huwa haibaki ilivyo. Ukuta ukifunguliwa unakuta nyaya zisizo na ethi (waya wa usalama unaoingia ardhini), bomba la chuma lililoliwa na kutu, mbao zilizoliwa na mchwa. Tenga asilimia 10 hadi 20 ya hesabu hiyo kwa mambo kama hayo tu, na ikiisha, maliza choo kwanza badala ya kuacha vyumba vitatu nusunusu.

Mwisho ni hili la "kuchoka ni kawaida, utapumzika ikiisha." Wiki ya tatu mama alianza kulalamika kichwa. Tukasema ni kelele za nyundo. Shinikizo la damu mara nyingi halitoi dalili yoyote, na tulipompeleka zahanati kupimwa lilikuwa juu sana. Muuguzi akamuuliza kama anameza dawa zake. Mama akanitazama mimi. Dawa zilikuwa ndani ya boksi nililofunga mwenyewe, chini ya masufuria, tangu siku ya kwanza. Jioni ile nilifungua maboksi yote kumi na moja sakafuni. Sasa dawa, vyeti na kadi za kliniki viko kwenye mfuko mmoja wa kitambaa, umetundikwa kwenye msumari chumbani kwake.